Watu wanane kwa laki nne na nusu: nyumba ya familia Arusha inapatikanaje?

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Nimehamishiwa Arusha kikazi tangu Januari nikitokea Tabora, ofisi yangu iko katikati ya mji. Kwa sasa nimepanga chumba na sebule Sanawari, watoto nimewaacha na baba yao mpaka nipate nyumba. Tukikamilika tutakuwa wanane: mimi na mume wangu, kijana wa miaka 15, mapacha wa kike wa miaka 9, mdogo wa miaka 3, mama mkwe na dada wa kazi. Bajeti yangu ni 450,000 kwa mwezi, hapo ndio mwisho. Nimezunguka wiki sita na madalali wanne, kila mmoja kachukua elfu kumi ya kuonyesha, na kila nikitaja vyumba vitatu napelekwa kwenye apatimenti. Nimebaki na mbili mkononi. Moja iko Njiro, vyumba viwili, 450,000, inalipwa miezi sita. Nyingine iko Muriet, vyumba vitatu kimoja masta, 350,000, ila mwenye nyumba anataka mwaka mzima na maji ni ya kisima. Nichukue ipi? Na hivi kweli Arusha nyumba za familia hazipo, au ni mimi nisiyejua kutafuta?" – Mama Kulwa

JIBU

Marahaba, Mama Kulwa, na pole kwa mizunguko. Nianze na hizo mbili, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi. Ya Njiro iache. Ya Muriet usiikatae, lakini usitoe hata shilingi mpaka umalize kusoma hapa.

Swali lako la pili ndilo kubwa. Nyumba zipo, ila ni chache, na hizo chache hazipiti pale unapozisubiri.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikakuta 617,631. Hao laki mbili walioongezeka hawalali nje, wamejengewa. Panda Moshono au shuka Olasiti uone mabati mapya yanavyong'aa. Tatizo ni kile kilichojengwa. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Zamani mtu alisimamisha hapo nyumba moja ya vyumba vitatu, akabakiza uwanja wa kuanikia nguo na migomba miwili nyuma. Leo fundi anamchorea apatimenti nne za chumba, sebule, jiko na choo ndani. Ile nyumba moja ingempa laki nne, tano ikienda sana. Hizi nne, tuseme kila moja laki mbili, zinampa laki nane. Mpangaji mmoja akihama, amepoteza laki mbili, tatu zilizobaki zinaendelea kumlipia mkopo. Ukikaa upande wake wa meza nawe ungejenga hivyohivyo.

Ipo na sababu ambayo hawakwambii usoni: wanaogopa familia. Nasimamia nyumba za watu mjini hapa, na kabla ya hapo nimekuwa dalali miaka tisa, kwa hiyo maneno haya nayasikia wewe ukishatoka getini. "Ana watoto wangapi? Wanne? Na mama mkwe?" Mwenye nyumba anaanza kupiga hesabu ya gari la kunyonya maji taka, la kuja mara moja kwa mwaka, litakuja mara tatu. Anawaza ukuta aliopaka Desemba. Kisha dalali anakupigia kwa upole kwamba nyumba imeshachukuliwa, na wiki mbili baadaye unapita unaona pazia halijatundikwa.

Halafu kuna wageni. Nyumba nzuri za vyumba vitatu zenye fensi kule Ilboru, Sekei na Sakina, baadhi ya wenyewe wameona ni afadhali waweke vitanda, wapangishe watalii kwa usiku kuliko kwa mwezi. Na sasa kuna uwanja wa watu 30,000 Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, tutakayoandaa na Kenya na Uganda. Kila mwenye kibanda karibu na pale ana ndoto yake. Ukipata nyumba upande huo, muda wa mkataba uvuke mashindano na bei iandikwe, usije ukaambiwa uwapishe wageni kwa miezi miwili.

Njiro ina historia yake. Umoja wa Mataifa ulipoleta hapa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoanzishwa 1994 ikafungwa mwisho wa 2015, walikuja majaji, mawakili na wapelelezi, nao walilala mahali. Wenye nyumba wakazoea dola. Mahakama imeondoka, mazoea hayajaondoka yote. Ukikutana na anayekutajia kodi kwa dola, mkumbushe kwa adabu kwamba tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni. Ila si dola iliyonifanya niseme Njiro uiache. Ni vitanda.

Umekuwa ukihesabu vyumba, hesabu vitanda. Wewe na baba Kulwa, kitanda kimoja. Mama mkwe na yule mdogo, cha pili. Dada na mapacha, cha tatu. Kijana wa miaka 15, cha nne, na huyo hawezi kulala na dada zake wala na bibi yake. Unahitaji sehemu nne za kulala. Vyumba viwili vya Njiro vinakupa mbili na sebule, kwa bajeti yako yote, na ndani ya mwaka utaanza kutafuta tena. Ya Muriet inakupa tatu na sebule. Hapo kuna mazungumzo.

Lakini ukishahesabu vitanda, unaona pia milango ambayo neno "vyumba vitatu" lilikufungia. Nyumba ya vyumba viwili yenye chumba uani inakutosha karibu sawa na ya vitatu: kijana anakwenda uani, umri wake ndio huo, atafurahi hata asiposema. (Dada naye akipata kitanda sebuleni, mapacha wanalala na bibi. Mama mkwe usimpeleke uani hata siku moja. Ukoo mzima utalijua jambo hilo kabla ya Pasaka.) Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro zipo nyumba za zamani za koridoo katikati, vyumba huku na huku, wapo wanaokubali kukupa upande mzima. Utachangia uwanja na pengine choo, lakini soko liko karibu, na ofisini unakwenda kwa miguu.

Na kuna hili ambalo wengi hawaliwazi. Zile apatimenti unazopelekwa kila siku ukarudi umenuna, tafuta mahali zilipo mbili tupu mlango kwa mlango, uzichukue zote. Mbili za laki mbili ni laki nne. Unapata vyumba viwili, sebule mbili, vyoo viwili na majiko mawili. Sebule ya pili inakuwa chumba cha dada na mapacha. Jiko la pili, bomba likifungwa, ni chumba cha kijana. Vitanda vyote vinne vimepata pa kukaa na elfu hamsini ya bajeti imebaki. Mwenye nyumba anafurahi kuliko wewe, maana amejaza mbili kwa siku moja. Niliwaweka familia moja hivyo pale Kwa Mrombo, watu saba. Bibi akawa anavuka veranda na kikombe chake cha chai asubuhi, nikasikia baadaye kwamba amekataa kuhama. Kasoro ipo: luku mbili, na mtoto mdogo lazima alale upande wenye mtu mzima. Basi, si zaidi ya hapo.

Sasa nikueleze zinakopita zile nyumba nzima ambazo wewe huzioni.

Familia ikikaa nyumba miaka sita, mwenye nyumba amewazoea. Siku wanapohama, anamwambia mpangaji mwenyewe: "Nitafutie mtu kama wewe." Mpangaji anamwambia shemeji yake, au mwalimu mwenzake, au mtu wa kwaya. Nyumba imehamwa na kuingiwa bila dalali kuigusa. Anayoipata dalali mara nyingi ni ile iliyokataliwa na shemeji, mwalimu na kwaya, kwa hiyo unapoonyeshwa nyumba ujiulize wao waliona nini.

Kwa hiyo unatakiwa umfikie anayehama kabla hajahama. Nani anajua mtu anahama? Dereva wa kirikuu, vile vigari vidogo vya kubebea mizigo. Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka fulani nilitafuta nyumba ya mteja mwezi mzima, siku moja nimekaa kijiweni nasubiri mvua ipite, dereva mmoja wa kirikuu akapokea simu mbele yangu: "Jumamosi saa mbili, sawa mama, makochi mawili na friji, tunatoka Lemara." Nikamuuliza, wanaotoka hapo Lemara ni nyumba nzima? Akasema vyumba vitatu, ana fensi, wanahamia kwao wamemaliza kujenga. Jioni ileile nilikuwa getini. Mteja wangu aliingia siku tatu baada ya makochi yale kutoka. Tangu hapo nina namba za madereva wa kirikuu wengi kuliko za madalali, na nyumba ikipatikana nawatumia chochote cha soda.

Wengine wanaojua ni fundi rangi na fundi bomba, maana mwenye nyumba huwaita siku mpangaji anapotoa notisi, na mama wa genge wa mtaa huo. Usimuulize mama wa genge ukiwa umesimama kama mkaguzi. Nunua nyanya na sukuma wiki, rudi Jumamosi inayofuata ununue tena, ndipo useme una watoto wanne na unatafuta pa kuwaweka. Hao watoto wanne wanaowaogopesha wenye nyumba, kwake ni wateja. Atakutafutia.

Usiutembee mji mzima. Chagua mitaa miwili, mitatu ikizidi, ambayo daladala yake inakufikisha ofisini bila kubadilisha gari. Kwa ofisi ya katikati ningeanza na Lemara, Kijenge na Sakina. Tembea kwa miguu. Matangazo ya maana yako kwenye vibao vya mbao getini, yameandikwa kwa chaki.

Kuhusu elfu kumi za kuonyesha: dalali anayekula kwa kuonyesha hana haraka ya wewe kupata. Anaweza kukuonyesha nyumba ileile ya jana yenye mpangaji ndani. Mimi ningemwambia hivi: nauli ya boda nalipa, ya kuonyesha sina, ila siku nikisaini mkataba mwezi wako kamili upo na nitaongeza kidogo kama nyumba ina chumba uani. Kati ya wanne wawili wataondoka. Wawili watakaobaki ndio madalali.

Twende Muriet.

Bahati yako umeandika Machi, mvua za masika zinaanza. Nyumba ya Arusha haikaguliwi Agosti. Agosti kila barabara ni nzuri na kila paa ni zima. Nenda Muriet siku imenyesha usiku kucha, nenda asubuhi, kwa miguu kutoka lami hadi getini kama watakavyokwenda mapacha shuleni. Angalia wanavuka nini. Maji ya mji huu yanatoka juu mlimani yanakimbilia chini kusini, na korongo ambalo Januari ni njia ya mbuzi, Aprili ni mto. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo hapahapa jijini, watoto wakafa. Kwa hiyo ukiona korongo kati ya nyumba na shule na hakuna daraja, hata kodi ikiwa nusu, rudi. Ukifika ndani angalia chini ya ukuta, kiganja kimoja kutoka sakafuni. Rangi mpya pale chini peke yake, huku ukuta uliobaki ni wa zamani, maana yake maji yanapanda na wamefunika.

Masika ina faida nyingine. Aprili na Mei watalii wamepungua, na mji huu nusu unaishi kwa watalii: madereva, waongozaji, wapishi wa kambi, wauza vinyago. Mifuko ikikauka wapo wanaohamia padogo, wenye nyumba nao wanalegea. Ikifika Juni wageni wanarudi na bei inasimama tena. Una kama wiki kumi.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize kuliko kwingine kote. Umetoka Tabora, pengine hujaishi na jambo hili. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, inayeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vya ukanda huu vipo vinavyopita hapo mara kadhaa. Huioni, huisikii ulimini, haina harufu. Maji yanaweza kuwa maangavu kama ya chupa. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani, floraidi yenyewe inabaki. Athari yake umeshaiona njiani bila kujua: wale wenyeji wenye meno ya kahawia, ambao wakifika Dar wanaulizwa, "Wewe wa Arusha, eeh?"

Kijana wako meno yake yameshakamilika. Mapacha, yale ya mbele yameshatengenezwa. Anayenitia wasiwasi ni mdogo. Meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi tangu uchanga hadi kama miaka minane, na doa likiingia wakati huo halisuguliki. Mtoto wa miaka mitatu akinywa kisima kibaya mpaka aingie darasa la pili, utaliona tabasamu lake na utakumbuka kodi uliyookoa.

Kwa hiyo kabla ya lolote, chota chupa ya lita moja kutoka bomba la jikoni, si kutoka simtanki ya mvua, upeleke ipimwe kwenye maabara ya ubora wa maji hapa mjini. Mwenye nyumba akikasirika kwamba unapima maji yake, umeshapata jibu. Majibu yakiwa chini ya 1.5, vizuri. Yakizidi, haimaanishi nyumba haifai, inamaanisha maji ya kunywa na kupikia yatoke kwingine: uliza kama bomba la AUWSA, mamlaka ya maji ya mji huu, limefika mtaa huo na uunganishaji uwe sehemu ya makubaliano, au uvune ya mvua kwa ajili ya kunywa, au upate mchujo wa mkaa wa mifupa, aina ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Kufua, kuoga na kudeki tumia kisima bila hofu.

Hesabu ya tatu ya Muriet ni nauli. Dalali kakwambia 350,000 dhidi ya 450,000 ya Njiro, ukaona laki moja imebaki. Kama kutoka lami hadi getini ni boda ya elfu moja, na watu watatu wa nyumba yako wanaipanda kwenda na kurudi siku 22, hiyo ni 132,000 kwa mwezi. Nyumba imekuwa ya 482,000 na daladala hujaipanda. Kama pale ni dakika kumi za kutembea, hesabu hiyo inafutika na Muriet inakuwa nafuu kweli. Ndiyo maana nimekuambia nenda kwa miguu.

Na huo mwaka mzima. 350,000 mara 12 ni 4,200,000, weka na mwezi wa dalali, 4,550,000. Sheria ya kudhibiti pango, ile ya 1984, ilifutwa 2005, kwa hiyo hapa ni makubaliano yako na yeye. Mwenye nyumba anayeng'ang'ania mwaka mara nyingi ana jambo linalomsubiri, ada ya chuo ya mtoto, au ghorofa lake jingine limekwama kwenye zege. Muulize anahitaji kiasi gani na lini. Ukiijua shida yake unaweza kumpa miezi sita pamoja na barua ya mwajiri wako inayoonyesha ajira ya kudumu, na kwa wengi barua hiyo ina uzito kuliko unavyodhani, mtumishi hatoroki usiku na godoro. Kama ni lazima mwaka, basi bei ishuke hadi laki tatu, na maji ya AUWSA aingize yeye. Usilipe mwaka kwa bei ya mwezi.

Kabla ya pesa kutoka, jua nyumba ni ya nani. Mwaka 2014 nilimwingiza mwalimu mmoja kwenye nyumba nzuri Moshono, akalipa mwaka kwa kijana aliyejitambulisha kuwa ndiye mwenyewe, na nilimwamini kwa sababu alikuwa na funguo. Mwezi wa tatu akaja kaka yake mkubwa na kufuli. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, mirathi haijafunguliwa, na ndugu walikuwa watano. Mwalimu alihama na watoto katikati ya muhula. Pesa yake ilirudi nusu, na nusu hiyo sehemu niliitoa mfukoni mwangu. Viwanja vingi vya pembezoni mwa mji huu ni vya koo. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umuulize mwenyekiti: nyumba ile ya geti la bluu ni ya nani, na kuna kesi? Anajua. Ukikuta mzee alishafariki, saini na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone barua yake kwa macho. Nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) inayokodishwa na mpangaji mwingine usiiguse kabisa, mpangaji wa shirika haruhusiwi kukupangisha. Ila wewe mwenyewe peleka maombi yako NHC, na AICC pia, kile kituo cha mikutano cha kimataifa, nao wana nyumba za makazi mjini. Peleka kisha uendelee na mambo yako.

Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya wakili au ofisi ya mtaa, ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, kwa Muriet 42,000. Bila stempu, siku mkifika Baraza la Ardhi na Nyumba karatasi yako haipokelewi. Humo mwandike notisi ya pande zote mbili, nani anaita gari la kunyonya, na nani anatengeneza paa. Lipa benki au kwa simu kwenye jina lililo kwenye mkataba, kamwe si kwa dalali. Luku iwe yako peke yako. Na ujue kodi ya jengo inakatwa humohumo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hata kama nyumba ilikuwa tupu. Iliyokaa miezi sita bila mtu itameza 9,000 siku ya kwanza unaponunua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kwa mwaka ni 18,000, ikatwe kwenye pango na iandikwe.

Kwa hiyo ratiba yako naiona hivi. Wiki hii chupa ya maji ya Muriet iende maabara, na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha uwe umeshavaa gambuti. Jumamosi tafuta kijiwe cha kirikuu kilicho karibu zaidi na Lemara na kingine Sakina, uache namba na maneno haya: familia ya mtumishi, nyumba nzima yenye fensi, mwisho laki nne na nusu. Wale madalali wawili watakaobaki waambie wasikuonyeshe tena apatimenti mojamoja, wakuonyeshe mbilimbili. Mpaka mwisho wa Aprili kimojawapo kitakuwa kimeitika. Kikiitika kabla ya majibu ya maji, mwenye nyumba wa Muriet mjulishe kwa simu kwamba umepata kwingine, usimwache akisubiri, maana mwakani unaweza kumtumia mtu.

Na baba Kulwa aje angalau mara moja kabla hujasaini. Najua ni safari ndefu kutoka Tabora, lakini wapo wenye nyumba wa umri wangu ambao hawatasema lolote, watachelewa tu kujibu simu mpaka wamwone. Halipendezi, ila wewe unatafuta nyumba, na siku yenyewe ataingia hata kwenye shimo la tangi kukagua, kazi ambayo nadhani hutaionea wivu.